Gari limezima ghafla njiani: kusoma dalili kabla ya kununua spea

Gari la miaka ishirini na zaidi linalotoka Mtwapa kila asubuhi, likasota kwenye foleni ya Kongowea na kurudi jioni, likizima ghafla katikati ya Daraja la Nyali, fundi atakayeitwa atafika baada ya nusu saa. Injini itakuwa imeshapoa, na dalili alizozihitaji zimeshapotea. Hapo ndipo plagi hubadilishwa, kisha koili, kisha pampu ya petroli, halafu mwisho wa yote inagundulika ni waya wa hasi wa betri uliooza kwa chumvi. Aliyekuwepo gari likizima ni dereva. Anachokumbuka kuhusu sekunde kumi za mwisho kina thamani kubwa kuliko mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari.

Yanayofuata yanahusu magari ya petroli yaliyojaa pwani: Corolla 110 yenye injini ya 5A, NZE na Probox zenye 1NZ, Sunny B15, na jamaa zao wa umri huo. Dizeli ina mambo yake na haiguswi hapa.

Sekunde za mwisho

Sogeza gari pembeni likiwa bado lina mwendo, washa taa za hazadi, weka pembetatu nyuma. Likizima ndani ya feri ya Likoni, tia nyutro tu, watu watasukuma. Usianze kufungua boneti pale wakati magari ya nyuma yanangoja kushuka. Ukishatulia, jiulize lilizimaje, na ukimpigia fundi simu mwambie hayo kwanza.

Injini ilikata mara moja, bila kukohoa wala kutikisika, huku redio ikiendelea kuimba? Moto wa plagi umepotea, au kompyuta ya injini imekosa ishara kutoka sensa ya krenki, ile inayoiambia kwamba injini inazunguka. Kwa gari la gia za mkono kuna ushahidi mzuri zaidi. Gari likiwa bado linaserereka ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiona mshale wa mizunguko umeanguka hadi sifuri papo hapo ilhali injini bado inazungushwa, ishara ya moto ndiyo iliyokatika. Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, moto upo. Tafuta upande wa mafuta.

Dashibodi nzima ilikufa pamoja na injini? Huo ni umeme mkuu: vichwa vya betri, fyuzi kubwa, au swichi ya ufunguo.

Kama lilikohoa, likavutavuta, likaishiwa nguvu kwenye mpando wa Miritini kwenda Mazeras lakini likatembea kila ulipopunguza mguu, petroli haifiki ya kutosha. Kama taa ya betri ilikuwa imewaka tangu Bamburi na taa za mbele zikawa zinafifia, alteneta, inayochaji betri, ilishakufa zamani na betri ndiyo iliyokuwa inaendesha gari peke yake. Kama mshale wa joto ulipanda au ulinusa harufu tamu ya kulanti (dawa ya maji ya redieta), usipige stata tena mpaka usome sehemu ya kuchemsha hapa chini. Vivyo hivyo kama kulikuwa na mlio wa chuma kugonga chuma, au kama lilizima ukiwa unapita kwenye maji ya mvua. Katika hali hizo tatu, kila unapopiga stata unaweza kuwa unaongeza gharama.

Piga stata mara moja na usikilize

Kabla ya kupiga, geuza ufunguo hadi "ON" na uangalie taa ya injini kwenye dashibodi. Lazima iwake. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, kompyuta haina umeme: angalia fyuzi iliyoandikwa EFI (mfumo wa kompyuta wa kupuliza petroli) na rilei kuu ya EFI, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haihitaji spana, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Sasa piga stata kwa sekunde tano, si zaidi.

Ikiwa kimya kabisa au inatoa "tik" moja, shida ni betri, vichwa vyake, waya wa hasi, au stata yenyewe. Usikimbilie kusema injini imekwama. Injini iliyokwama kweli hujulikana kwa spana: tia soketi kwenye boliti ya puli ya krenki (namba 17 au 19 kwa Toyota ndogo nyingi), gia ikiwa nyutro, na uizungushe kulia kama mwendo wa saa. Ikizunguka kwa nguvu ya kawaida ya mkono, injini iko hai.

Ikivuta polepole kama inayobembelezwa, umeme ni hafifu. Ikivuta kwa mdundo wa kawaida lakini haiwaki, uko kwenye kundi kubwa kuliko yote: moto au mafuta. Ikivuta kwa kasi isiyo ya kawaida, nyepesi, bila ule mdundo wa kubana na kuachia, hakuna kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), na mara nyingi belti ya taimingi imekatika.

Inavuta vizuri lakini haiwaki

Kuna njia ya haraka ya kutenganisha moto na mafuta. Chukua dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, fungua mdomo wa filta ya hewa, puliza sekunde mbili, rudisha kifuniko, kisha mwambie mwenzako apige stata. Injini ikishika kwa sekunde moja au mbili halafu ikafa, moto upo na petroli haiji. Isiposhika hata kidogo, anza na moto. Usifanye hivi kwa petroli iliyotiwa kwenye chupa ya soda, hata kama umeona wengine wakifanya. Injini ikirudisha moto kupitia kwenye throtoli (mlango wa hewa wa injini), chupa iko mkononi mwako.

Kuuona moto kwa macho, chukua plagi ya akiba. Kwa 5A, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi ya akiba, ulaze chuma cha plagi kwenye injini mahali pasipo na rangi wala oili, na upige stata. Moto wa bluu unaotoa mlio wa "tak tak" ni mzuri. Wa njano na mwembamba ni dhaifu. Unaweza kuonekana nje na usiweze kuruka ndani ya silinda penye mgandamizo. Usishike waya kwa mkono. Tumia koleo lenye mpini wa plastiki. Kwa 1NZ, ambayo kila plagi ina koili yake juu, fungua boliti ya namba 10, toa koili pamoja na plagi, na chomoa fyuzi ya EFI ya pampu kama ipo peke yake, au soketi za nozeli nne zinazopuliza petroli, ili petroli isimwagike ndani wakati unapima.

Moto umepotea

Kanuni moja itakuokolea pesa: koili moja ya 1NZ ikifa, injini inatetemeka na kukosa nguvu, lakini haizimi ghafla. Silinda zote nne zikikosa moto kwa pamoja, sababu iko mahali panapozihudumia zote nne: umeme unaoenda kwenye koili, sensa ya krenki, au kompyuta. Muuza spea atakuuzia koili nne kwa furaha, na gari litabaki palepale.

Kwenye 5A na 4A (injini jamaa yake) za zamani mambo yote yamekusanyika ndani ya distribyuta, kigawa moto wa plagi: rota, sensa, na mara nyingi koili na ignaita (kifaa kinachowasha na kukata umeme wa koili) pia. Fungua kifuniko, boliti zake ni fupi, na uangalie ndani. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo za shaba ni chumvi. Mstari mwembamba mweusi unaotoka nguzo moja kwenda nyingine ni ufa ambao moto umejitafutia njia ya mkato. Kifuniko hicho hakisafishwi, kinabadilishwa. Nukta ya kaboni katikati ya kifuniko lazima iwe na springi na irudi ukiibonyeza. Oili ndani ya distribyuta maana yake sili ya shafti imekufa, na oili hiyo hatimaye huua sensa.

Kifuniko kikiwa wazi, mwambie mtu apige stata huku ukitazama rota. Isipozunguka, acha habari za moto kabisa. Distribyuta huendeshwa na kamshafti (shafti ya valvu inayozungushwa na belti ya taimingi), kwa hiyo rota iliyosimama ni belti ya taimingi iliyokatika. Umepata jibu bila kufungua hata kava la belti.

Kisha kuna ugonjwa unaosumbua kuliko yote katika joto la Mombasa: gari linazima likiwa moto, linakataa kuwaka kwa dakika ishirini au arubaini, halafu linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake, saa nane mchana kwenye foleni ya Makupa, linarudia. Fundi akiliona asubuhi likiwa baridi, haoni kitu. Washukiwa ni watatu: ignaita, koili, na sensa ya krenki au ile iliyo ndani ya distribyuta. Ndani ya koili na sensa kuna waya mwembamba sana uliosokotwa. Ukichanika, ncha zake hugusana kukiwa baridi na huachana joto linapoutanua. Ignaita nayo hutegemea bamba la chuma kuondoa joto. Ikifungwa bila ile pasta nyeupe ya kusambaza joto nyuma yake, itakufa tena hata ikiwa mpya.

Ugonjwa huu hukamatwa gari likiwa limekataa. Pima moto papo hapo kabla halijapoa. Kama hakuna, chukua kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, ukilaze juu ya koili peke yake kwa dakika tatu, jaribu tena. Kisha ignaita. Kisha sensa. Sehemu uliyoipoza na moto ukarudi ndiyo yenye ugonjwa. Ukiwa na mita ya umeme, pima ukinzani wa sensa ikiwa baridi na uandike, kisha upime tena ikiwa imekataa. Kupanda kidogo kwa namba ni kawaida kwa sababu waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake huongezeka. Mita ikionyesha mstari wazi usio na mwisho, waya umekatika ndani.

Toyota nyingi za kizazi cha 5A zina kiboksi cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha, na uhesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Kodi 12 na 13 ni ishara ya mzunguko iliyokosekana, yaani sensa au nyaya zake. Kodi 14 inamaanisha kompyuta iliagiza moto na haikupata jibu kutoka kwa ignaita. Hakikisha umesoma maandishi ndani ya kifuniko kabla ya kuchomeka waya. Tundu la +B lina umeme wa betri, na kuliunganisha na E1 ni shoti.

Na kama hayo yote ni mazima, tafuta alamu. Magari mengi Kenya yamefungwa alamu au traka, na kifaa hicho hukata ama waya wa moto au wa pampu kwa kutumia rilei ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Aliyeifunga alikata waya wa kiwandani, akausokota kwa mkono na kuufunga tepu. Baada ya miaka saba tepu imeachia na shaba imekuwa nyeusi. Ingiza mkono chini ya usukani, tikisa fungu la nyaya zenye tepu huku mtu akipiga stata. Inashangaza ni mara ngapi gari huwaka hapo hapo. Dawa yake ni kuunganisha upya kwa risasi na mpira wa kubana kwa moto. Tepu nyingine juu ya tepu itakurudisha hapo hapo.

Petroli haifiki

Watu husema "geuza ufunguo usikilize pampu." Kwa Nissan nyingi hilo ni sawa, pampu hunguruma kwa sekunde chache. Kwa Toyota nyingi za zamani pampu haianzi mpaka stata ivute, kwa hiyo ukimya wake kwenye ON haumaanishi chochote, na pampu nyingi nzima zimetolewa kwenye matangi kwa kosa hilo. Tumia kile kiboksi cha DIAGNOSIS: unganisha +B na FP, ufunguo ukiwa ON, na pampu lazima ingurume mfululizo. Ikinguruma hapo lakini hainguruma stata ikivuta, pampu ni nzima. Rilei yake haiwashwi, au ishara ya krenki inayoiamrisha haipo. Ndiyo maana sensa ya krenki iliyokufa huondoa moto na petroli kwa wakati mmoja.

Pampu isiponguruma, inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko cha chuma, chomoa soketi na upime kama umeme unafika ukiwa bado umeunganisha +B na FP. Ukifika na pampu ni kimya, gonga tangi kwa chini na mpini wa nyundo ya mpira huku mwenzako anapiga stata. Ikiamka, una safari moja tu, ya kwenda gereji. Kabla ya kuinunua mpya, tazama soketi yenyewe: pini iliyobabuka na plastiki iliyoyeyuka huonyesha mguso mbaya, na pampu mpya itakayochomekwa hapo haitadumu.

Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli iliyoizunguka. Anayetia ya mia tano kila asubuhi na kuendesha taa ya akiba ikiwa imewaka wiki nzima anaiacha pampu ikifanya kazi kwenye mvuke, ikinyonya na uchafu wa chini. Robo tangi ndiyo iwe sifuri yako.

Shinikizo ndilo linalomaliza ubishi. Kwa 4A na 5A, bomba la vakyum la regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la petroli) likiwa limechomolewa, geji isome psi 38 hadi 44. Kwa 1NZ ni psi 44 hadi 50. Zima pampu na usubiri dakika tano: likianguka hadi sifuri haraka, kuna valvu isiyoziba kwenye pampu, au nozeli inayovuja. Shinikizo likiwa sawa gari likiwa limesimama lakini linaanguka ukikanyaga, filta imeziba. Ya 5A iko chini ya boneti na ni rahisi; ya 1NZ iko ndani ya tangi pamoja na pampu, na kwa sababu haionekani, kuna gari lililofika hapa kutoka Japani nayo na bado linayo.

Maji ndani ya petroli hujitokeza zaidi mvua za masika zinapoanza, na mara nyingi gari huzima ndani ya kilomita chache baada ya kujaza. Chota nusu lita kutoka kwenye bomba linaloingia kwenye injini, tia kwenye chupa ya kioo, acha itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na mstari utaonekana. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayajitengi hivyo. Utayajua kwa moshi, injini kugonga ukipanda mlima, na plagi zenye masizi. Hifadhi risiti na hiyo chupa.

Chumvi kwenye nyaya

Hewa ya bahari hula shaba na risasi. Waya wa hasi unaweza kuonekana mnene na mzima kwa nje huku ndani ya ala umegeuka unga wa kijani. Kwa hiyo usiuamini kwa macho, upime ukiwa kazini: weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Isome chini ya volti 0.2. Ikipita 0.5, waya huo au mafungo yake ndiyo yanayokula umeme wako. Rudia kati ya betri na bodi.

Usafi wake ni rahisi. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Mwagia vichwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, vitatoa povu. Suuza, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga chanya kwanza kisha hasi, halafu paka grisi juu baada ya kukaza. Grisi ikitangulia chini ya kichwa, umeweka ukuta mahali ulipotaka mlango. Fungua pia boliti ya waya wa hasi kwenye bodi na kwenye gia boksi. Hapo ndipo watu hawafiki.

Swichi ya ufunguo hujipima yenyewe: gari likiwa linanguruma mahali salama, tikisa ufunguo bila kuuzungusha. Taa za dashibodi zikipepesa au injini ikikata, mguso wa ndani umelika. Fungu zito la funguo za nyumba na duka linaloning'inia hapo huharakisha mambo.

Alteneta

Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, husoma volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kushuka, alteneta haichaji. Angalia belti yake, kisha fyuzi kubwa, kisha brashi. Ukiazima umeme wa gari jingine na gari lako likawaka, kisha likafa dakika chache baada ya kuchomoa nyaya, jibu ni hilo hilo.

Kuna fundi atakayetaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma "kupima alteneta". Mkataze. Umeme hupanda ghafla bila betri ya kuutuliza, na kinachoungua ni daiodi za alteneta au kompyuta. Mita ya bei ndogo inatoa jibu lile lile bila hatari.

Limechemka

Zima kiyoyozi na injini, inua boneti, ondoka. Usiguse kifuniko cha redieta kwa angalau dakika arubaini na tano, na usimwagie injini maji baridi kwa nje. Hedi (kichwa cha injini) ya alumini hujipinda.

Ikishapoa, kabla ya kuongeza maji, tafuta yalikotokea. Feni ndiyo ya kwanza kwa gari la foleni: likichemka limesimama na kupoa likipata mwendo, feni haifanyi kazi. Washa kiyoyozi, feni lazima izunguke; isipozunguka pima fyuzi, rilei na mota. Likichemka kwenye mwendo wa kasi, redieta imeziba au pampu ya maji haisukumi. Visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvi, na anayejazia redieta maji ya kisima anaiozesha redieta, pampu na njia za hedi kwa pamoja. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, ndiyo dawa. Na kutoa themostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) "kwa sababu kwetu ni joto" hakusaidii: maji hupita haraka bila mpangilio, injini haifikii joto lake, kompyuta huzidisha petroli, na ugonjwa wa kweli wa kupoza unabaki umejificha.

Kagua gaskiti ya hedi kabla ya kuwasha tena kwa muda mrefu. Chomoa kijiti cha oili na ufungue kifuniko cha oili: rangi ya chai ya maziwa ni maji ndani ya oili, usiwashe. Kama oili ni safi, jaza redieta ikiwa baridi, acha wazi, washa: mapovu yanayoendelea bila kukoma ni gesi ya silinda. Mwisho pima kompresheni, plagi zote zikiwa nje na throtoli imekanyagwa hadi mwisho. Kwa 4A na 5A isipungue psi 140 hivi, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gaskiti imepasuka katikati yao.

Belti na maji

Kwa 4A-FE na 5A-FE za kawaida, belti ya taimingi ikikatika valvu hazigongani na pistoni; unafunga belti mpya, unapanga alama, na safari inaendelea. Kwa Subaru EJ20 za kamshafti nne, valvu hupinda. Hapo usipige stata hata kidogo. Belti hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini gari la mtumba lenye mita ya kilomita isiyoaminika huhesabiwa kuanzia siku uliyoifunga wewe. 1NZ ina cheni. Haikatiki hovyo, lakini ikikosa oili hulegea na kutoa mlio asubuhi.

Lililozima kwenye maji ya mvua lisiguswe ufunguo. Fungua filta ya hewa: ikiwa imelowa, maji yameingia. Maji hayabanwi, pistoni ikiyakuta, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) hupinda. Toa plagi zote nne kwa soketi ya namba 16, zungusha injini kwa spana mizunguko kadhaa mpaka maji yatoke, ndipo upige stata fupi bila plagi. Angalia oili, badilisha kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kausha plagi na distribyuta, kisha ujaribu.

Lisilokubali kuzima mbele ya fundi

Gari linalozima mara moja kwa wiki linahitaji mtego. Nunua balbu mbili ndogo za volti 12. Moja ichukue umeme kutoka waya wa chanya wa koili, nyingine kutoka waya wa pampu, kila moja ikipitia fyuzi ya ampea 2, na zote mbili zirudi kwenye bodi. Zibandike kwenye dashibodi unapoziona bila kuondoa macho barabarani, na uziwekee alama ipi ni ipi.

Siku litakapozima, tazama kabla ya kugusa ufunguo. Zote mbili zikizima kwa pamoja, tafuta swichi ya ufunguo, rilei kuu au ile rilei ya alamu. Ya pampu ikizima kwanza huku injini ikikohoa, ni rilei ya pampu au nyaya zake. Ya koili ikibaki imewaka na ya pampu ikazima sekunde mbili baada ya injini kukata, kompyuta ndiyo iliyoikata pampu kwa kukosa ishara ya mzunguko: nenda kwenye sensa. Zote zikibaki zinawaka kwa muda gari likiwa bado linaserereka ndani ya gia na injini imekufa, umeme unafika kote, na aliyebaki ni ignaita, au koili, au petroli isiyopanda ingawa pampu inazunguka. Geji ya shinikizo na plagi ya akiba zitamaliza kazi iliyobaki.